Birika na Orodha ya Macho

Jina lake halisi limo kwenye faili la utumishi, faili limo kwenye kabati la chuma, na ufunguo wa kabati unakaa kwenye mkoba wa Katibu. Nje ya kabati hilo jengo zima lilimwita Birika, kwa sababu saa nne asubuhi walimwona na birika, na saa tisa alasiri wakamwona nalo tena. Hata daktari wa macho, mtu mpole asiyependa utani, alipotaka kumtuma alichungulia mlangoni akauliza, "Birika yupo?"

Chini ya jina, faili linasema: Mhudumu wa Ofisi, daraja la pili. Hiyo ndiyo kada yake. Maana yake afagie, apige deki, apeleke barua, abandike matangazo kwenye ubao wa nje na apike chai. Yote hayo aliyafanya miaka kumi na moja bila kulalamikiwa. Lakini kuna kazi nyingine aliyoifanya miaka sita nyuma ya mlango uliofungwa, na hiyo faili halina habari nayo.

Ofisi ilikuwa ya kupanga wagonjwa. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara, na kila baada ya miezi mitatu alikuja bingwa wa kupasua macho, akakaa wiki mbili, akapasua watu thelathini, akaondoka. Wa thelathini na moja alisubiri msimu mwingine. Zamani orodha iliandikwa kwa mkono, na mwenye mkono alikuwa na mashemeji wengi. Watu wakafikia kurushiana viti pale dirishani. Ndipo kamati ikaagiza kompyuta ipange yenyewe, kwa tarehe ya kuandikishwa na si kwa kitu kingine chochote. Wakapiga muhuri, wakapigiana makofi, wakanywa chai ya Birika.

Programu iliandikwa na mtaalamu wa kukodiwa, ambaye alipomaliza mkataba aliacha kitabu kinene cha kazi yake na kiti kitupu. Kiti alikikalia Injinia. Injinia alikuwa mtu wa tai na manukato, mwenye vyeti vinne ukutani, vyote vya mambo ya nyaya. Siku ya kwanza alisafisha meza, akampa Birika kile kitabu na kumwambia akakichome.

Birika alikipeleka jikoni nyuma ya jengo, na kwa kuwa ni mtu wa kutii, akaanza kukichana kutokea mwisho. Kurasa tatu asubuhi na kurasa tatu alasiri, mpaka mkaa ushike. Wiki zikapita hivyo. Siku moja mkaa ulikuwa umelowa, akachuchumaa anapepea huku ukurasa umemkaa mkononi, na kwa kukosa la kufanya akausoma. Shuleni aliishia kidato cha tatu, lakini hesabu hazikuwahi kumpiga chenga, na pale kwenye ukurasa aliona hesabu zimevaa nguo nyingine. Akatafuta ukurasa wa kabla ya huo, kisha wa kabla yake tena. Chai siku hiyo ilichelewa, akagombezwa.

Tangu hapo alichochea moto kwa maboksi. Kitabu alikisoma kwa kamusi, kwa sababu kilikuwa cha lugha ngeni, ameketi juu ya kreti ya soda karibu na jiko. Theluthi mbili zilikuwa zimesalimika. Theluthi ya mwisho wakubwa walikuwa wameshainywa, kikombe kwa kikombe. Vichwa vya sura zilizoungua vilibaki mwanzoni, kwenye ukurasa wa yaliyomo, na kimoja kilisema: Jinsi mkalimani anavyotafuta mbinu maalumu. Birika alikipita kichwa hicho mara nyingi kwa kidole, akijua kwamba sura yenyewe ilichemsha maji.

Mkalimani, kwa watu wa kazi hiyo, ni ile programu inayosoma maagizo uliyoyaandika, mstari baada ya mstari, na kuyatenda. Haina hila na haina huruma. Birika aliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Ulipoiandikia vizuri ilikutii, na haikukuuliza wewe ni kada gani.

Injinia alimgundua kwa bahati. Programu ilikuwa imekwama, Katibu amesimama mlangoni amevimba, na Injinia anabonyeza kitufe kimoja tu mara nyingi. Birika akatua kikombe, akasema taratibu, "Bosi, mgonjwa wa tisini na mbili ameandikwa kazaliwa mwezi wa kumi na tatu." Injinia alirekebisha, kompyuta ikaenda, na jioni akamwita pembeni. Hawakuandikishana. Ila kuanzia siku ile, kila siku saa saba Injinia alikuwa na kikao mahali fulani, mlango ulifungwa kwa nje, na ndani alibaki Birika na kompyuta, imeshafunguliwa kwa nywila ya Injinia. Taarifa zilitoka na sahihi ya Injinia. Sifa nazo zilikwenda huko huko.

Mwaka mmoja ilikuja barua ya mafunzo ya wiki tatu, kwa watumishi wa kada ya mfumo peke yao. Injinia akafunga safari. Birika alimpa karatasi ya maswali kumi na moja awaulize wataalamu, la saba likiwa juu ya ile sura iliyoungua. Injinia alirudi na begi jipya na kofia yenye maandishi, na karatasi ya maswali alimrudishia ikiwa na mikunjo ile ile.

"Hawakuwa na muda wa maswali," alisema.

"Hata moja, Bosi?"

"Birika, mafunzo ni mambo mazito. Si kama unavyofikiri."

Nasema haya yote ili ieleweke kwamba mtu huyu hakuwa mzembe. Alijua alichokijua vizuri kabisa. Asichokijua kilikuwa majivu, na aliyempa kiberiti alikuwa amekaa kwenye kiti.

Sasa, Birika alikuwa na dada. Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo la nguo aliloshona yeye halikufumuka hata nguo ikachakaa. Mama yao alipofariki, dada alikuwa na miaka kumi na saba na Birika alikuwa na sita, na dada akakaa kwenye cherehani akamlea. Hakuolewa. Wachumba walikuja, wakamkuta na mtoto wa mama yake mgongoni, wakaaga. Hilo hakulisema hata siku moja, na kwa kutolisema alimfanya Birika alifikirie kila siku.

Dada alikuwa na presha ya macho. Si ugonjwa wa kelele. Unakula jicho kuanzia pembeni, polepole, bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi. Jicho la kushoto lilikwenda kabla hajajua linakwenda. La kulia lilikuwa limebaki na dirisha dogo katikati, na kwa dirisha hilo alishona. Daktari wa macho alimpima, akakunja uso, akaandika kwenye kadi yake kwa wino mwekundu: Asisubiri.

"Akifika msimu huu, tunaliokoa," daktari alimwambia Birika kando. "Akivuka, sitakudanganya."

Orodha ilikuwa na watu zaidi ya mia. Kwa tarehe yake, dada alikuwa wa hamsini na nane.

Saa saba, mlango ukiwa umefungwa, Birika alifungua kadi zote. Wenye wino mwekundu walikuwa wanane, na wote walikuwa wamepita thelathini. Mmoja alikuwa fundi viatu, mwingine mwalimu wa chekechea, wengine hakuwajua. Wanane hao walikuwa wanapofuka kwa utaratibu, kwa muhuri wa kamati. Akakaa akaandika pendekezo la ukurasa mmoja: alama ya daktari ihesabiwe kwanza, kisha ndipo tarehe. Programu yenyewe ingehitaji mistari minne, na aliiandika siku hiyo hiyo, akaiweka kwenye faili la pembeni.

Kesho yake alipeleka chai kwa Katibu pamoja na karatasi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Weka hapo." Katibu alikuwa mwanamke makini, miwani imening'inia kwa mnyororo, na sitamsingizia ubaya ambao hakuwa nao. Alisoma mpaka mwisho. "Mwandiko mzuri. Kakuandikia nani?"

"Nimeandika mwenyewe, Mama."

Katibu alimtazama, kisha akafungua mkoba, akatoa ufunguo, akaenda kabatini. Alirudi na faili, akapitisha kidole mpaka pale palipoandikwa kada. "Wewe ni mhudumu," alisema, bila dharau, kama mtu anayesoma saa. "Mapendekezo ya mfumo yanatoka kitengo cha mfumo."

"Mama, yasome tu kama yana maana."

"Yanaweza kuwa na maana. Lakini kamati itaniuliza yametoka kada gani."

"Injinia akisaini?"

"Injinia akisaini yatakuwa ya Injinia. Nitayapeleka."

Injinia hakusaini. Aliishika karatasi kwa ncha za vidole, akaona kamati inamuuliza swali la pili na la tatu, akaona hana jibu hata la kwanza. "Mwaka ujao," alisema. "Usinitafutie makubwa."

Hapo ndipo Birika alipokosea, na alikosea mara mbili kwa mkupuo mmoja.

Angeweza kupachika ile mistari minne kimyakimya. Ingewapandisha wote wanane. Lakini majina manane yakiruka kwa pamoja yataonekana, alijiambia. La mtu mmoja nani ataliona? Akapiga moyo konde. Wale saba wengine aliwaweka kando, akabaki na dada yake.

Njia ya kumwekea mtu mmoja jambo lake alikuwa anaijua. Katika programu ile kila mgonjwa alikuwa kitu, na vitu vyote hivyo vilikuwa vya aina moja, iliyoitwa Mgonjwa. Namna ya kumwita mgonjwa kwa simu, kwa mfano, iliandikwa mara moja tu, kwenye aina, ikawatosha wote. Lakini kulikuwa na dereva mstaafu aliyekuwa kiziwi, na Birika alimpachikia yeye peke yake namna nyingine, ya kumpigia binti yake. Ilifanya kazi mwaka mzima. Mkalimani alipoambiwa amwite yule dereva, alimwendea kwanza mwenyewe: una namna yako? Ninayo. Akaitumia hiyo. Kwa wengine wasio na namna yao, alikwenda kwenye aina, akachukua ya wote.

Basi Birika akafanya vile vile. Kulikuwa na mbinu, ndivyo kitabu kilivyoziita namna hizo, iliyoamua, kati ya wagonjwa wawili, nani atangulie. Hii ilikuwa na vistari viwili mbele ya jina na viwili nyuma, kwa sababu haiitwi na mtu. Mkalimani huitumia mwenyewe kila anapokuta alama ya "ndogo kuliko" katikati ya vitu viwili. Birika akampachikia dada yake ya kwake, inayojibu swali lolote kwa neno moja, kwamba natangulia mimi. Akaijaribu. Aliiita kwa jina lake, na vistari vyake vyote, akimpambanisha dada na fundi viatu. Kompyuta ikaandika: Kweli. Akampambanisha na mtu wa kwanza wa orodha. Kweli. Akarudia mpaka watu wakafika kumi na mbili. Kupanga orodha nzima hakuweza, kwa maana hilo lilifanyika mara moja kwa msimu, kwa nywila ya Katibu, siku ya kuchapa. Lakini alikuwa na kweli kumi na mbili. Nani asingelala usingizi?

Jioni alimkuta dada anapiga pasi nguo za mteja.

"Dada, jiandae. Msimu huu umo."

"Nimo wapi? Si nilikuwa huko mkiani?"

"Utakuwa wa kwanza."

Dada alisimamisha pasi pembeni. "Jirani yangu amenipa nafasi kwenye gari la mwanawe," alisema. "Kesho Jumanne wanakwenda mji wa pili. Hospitali ya kule wana nafasi mbili za macho, atakayewahi ndiye wake. Nilikuwa nakungoja wewe uniambie."

"Usihangaike na safari, dada. Hapa ndiyo nyumbani, na bingwa ni huyu huyu wanayemsifu. Mwambie jirani asante."

"Una uhakika?"

"Nimeangalia mwenyewe. Mara kumi na mbili."

Dada hakujua kumi na mbili za nini, lakini alimjua aliyesema. Akamwambia jirani asante. Jumanne gari likaondoka na mtu mwingine kwenye kiti chake.

Alhamisi saa tatu Katibu aliweka nywila yake, mashine ya kuchapa ikakoroma, karatasi zikatoka. Akazitia sahihi, bingwa naye akazitia sahihi, kisha wakamwita mwenye kazi ya kubandika. Birika alizipokea kwa mikono miwili. Njiani kuelekea ubaoni hakuangalia, alitaka aangalie akiwa amebandika. Akapigilia pini nne, akarudi nyuma hatua moja, akasoma jina la kwanza. Lilikuwa la mwanamume asiyemjua. Akasoma la pili. Alishuka hivyo jina kwa jina huku watu wanamsukuma kwa nyuma, akavuka mstari mwekundu wa thelathini, akafika hamsini na nane, akamkuta dada yake pale pale alipomwacha.

Saa saba ilikuwa mbali sana siku hiyo. Mlango ulipofungwa alikaa kwenye kompyuta, akaiita ile mbinu kwa jina: dada na mtu wa kwanza. Kweli. Kisha akaandika kile ambacho hakuwahi kukiandika, alama yenyewe, "ndogo kuliko", dada upande huu na mtu wa kwanza upande ule, kama mkalimani anavyofanya akipanga. Kompyuta ikajibu: Si kweli.

Alikaa akitazama majibu mawili ya swali moja. Kisha akaelewa, peke yake, bila kitabu, kile kilichokuwamo kwenye sura aliyopikia chai. Mbinu za kawaida, ukiziita, mkalimani humuuliza kwanza kitu chenyewe. Zile maalumu, anazozitumia mwenyewe, hamuulizi. Anampita kama hayupo, anakwenda moja kwa moja kwenye aina, na kinachosemwa na aina ndicho hicho. Ina maana yake. Akimwuliza kila mmoja kila mara, kazi haiendi, na mwenye jambo lake la pembeni atapotosha hesabu za wote. Birika aliona maana hiyo yote. Aliona pia kwamba dada yake alikuwa na jibu mkononi tangu Jumatatu, na hakuna aliyemwuliza.

Alikimbia kwa daktari wa macho. Daktari alikwenda kwa bingwa, bingwa akaonyesha sahihi mbili na muhuri. Ijumaa walipanda basi mpaka mji wa pili, na dada alikaa dirishani akitazama nje kwa lile jicho njia nzima, kama mtu anayebeba akiba. Nafasi zilikuwa zimejaa tangu Jumatano. Wakaambiwa warudi baada ya miezi minne.

Jicho halikungoja miezi minne. Wiki ya sita, dada alikuwa ameinamia cherehani mchana kweupe, akamwuliza Birika kwa nini mawingu yametanda. Nje jua lilikuwa linawaka.

Alimweleza siku hiyo. Alimweleza yote, kitabu, wino mwekundu, vistari, kweli kumi na mbili. Dada alisikiliza mkono wake ukiwa juu ya gurudumu la cherehani.

"Kwa hiyo hiyo mashine haikuniuliza mimi," alisema.

"Haikukuuliza, dada. Iliuliza aina yako."

"Na aina yangu ni nini?"

"Mgonjwa."

"Basi haikusema uongo." Alilizungusha gurudumu kidogo. "Hiyo mistari mingine minne, ya wote wanane. Hiyo ungeiweka, ningekuwa wa ngapi?"

Birika alishindwa kuinua uso, ingawa hapakuwa na wa kuuona. "Wa kwanza. Tarehe yako ndiyo ya zamani kati yao."

"Na ulikuwa nayo tayari."

"Nilikuwa nayo."

"Mdogo wangu," dada alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "mimi sikukulea uwe mtu wa kunipendelea kwa uoga." Akageukia ukuta. Kwa siku tatu hakumsemesha, na Birika aliona siku tatu ni chache.

Alitaka aadhibiwe. Wiki iliyofuata aliingia kwa Katibu bila birika, jambo lililomfanya Katibu ainue kichwa mara moja. Injinia naye alikuwapo, anakula karanga.

"Mama, nimeichezea orodha," Birika alisema. "Nilimwekea dada yangu mbinu ya kumpandisha. Haikufanya kazi, lakini niliiweka. Bado imo. Na kazi zote za mfumo miaka sita hii nimezifanya mimi."

Injinia aliacha kutafuna. Katibu alimtazama huyu, akamtazama yule, kisha akafanya alichofanya siku zote. Akafungua mkoba, akatoa ufunguo, akaenda kabatini, akarudi na faili, akapitisha kidole.

"Mhudumu hana nywila," alisema. "Asiye na nywila haingii kwenye mfumo. Na asiyeingia hana cha kuchezea."

"Mama, fungueni muone. Mistari mitatu. Niulizeni mimi mwenyewe, nitawaonyesha."

"Mama, huyu dada yake amepofuka," Injinia aliingilia kwa upole mwingi. "Kichwa hakijatulia. Tumvumilie."

"Pole sana," Katibu alisema, na alimaanisha. Akafunga faili. "Nitaandika kwamba kulikuwa na hitilafu. Nenda ukapumzike kidogo, kisha utuletee chai."

Birika alisimama pale. Mtu anaweza kunyimwa cheo, akavumilia, hilo alilizoea. Lakini kunyimwa hata kosa lake, kosa alilolifanya kwa mikono yake na lililomla dada yake jicho, hilo hakujua alipeleke wapi. Alikwenda jikoni akachochea moto.

Saa saba Injinia alimfungia mlango kama kawaida, ila safari hii alichelewa kutoka. "Katibu anataka maelezo ya hitilafu na dawa yake," alisema akitazama viatu vyake. "Andika tu. Usiweke mambo mengi."

Aliandika. Aliifuta mistari yake mitatu, akapachika ile minne iliyokuwa pembeni, safari hii kwenye aina yenyewe, na pendekezo lake la ukurasa mmoja akaliandika upya neno kwa neno. Injinia akasaini. Kamati ilikutana, ikalisifu, ikasema wazo kama hili lilipaswa kuja mapema. Birika alilisikia akiwa anawamiminia.

Msimu mwingine mashine ya kuchapa ikakoroma tena. Alipokea karatasi kwa mikono miwili, na safari hii aliangalia akiwa njiani. Wenye wino mwekundu walikuwa juu wote. Namba moja ilikuwa ya dada yake. Hakuna aliyekuwa amemwondoa, kwa kuwa hakuna fomu ya kusema kwamba mtu amechelewa, haponi tena. Akabandika, akapigilia pini nne, akasimama akiliangalia jina lile mpaka mwenye haraka akamwambia asogee.

Alipofika nyumbani dada alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anashona vifungo. Vifungo aliviweza kwa kupapasa.

"Orodha imetoka," Birika alisema.

"Mimi wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Vidole vya dada vilisimama juu ya kifungo. "Safari hii imeniuliza mimi?"

"Hapana, dada."

"Nenda kesho ukawaambie waniondoe. Wa thelathini na moja apande."

"Nitawaambia. Watataka kujua mimi ni nani."

Dada alinyoosha mkono gizani mwake, akamkabidhi sindano na uzi, amtungie. Birika alisogea dirishani, akalowesha ncha ya uzi mdomoni. Alikosa mara ya kwanza, akakosa na ya pili.

"Umeliona tundu?" dada aliuliza.

"Naliona," alisema. "Ngoja kidogo."